TAHADHARI: Wanunuzi wanaolipa kwa meseji bandia, Kisenyi na Kikuubo

Ndugu wafanyabiashara, hasa nyie mnaouza jumla hapa Kampala, Kisenyi na Kikuubo, na kule Busia mpakani, kuna watu wanazunguka na kubeba mali kwa meseji bandia za pesa. Mtumieni habari hii na yule kijana anayebaki dukani mnapokwenda kuswali au kula.

Alhamisi iliyopita wamemtapeli mama mmoja jirani yangu, muuza mchele na maharage. Alikuja kijana nadhifu, Kiswahili kimenyooka, akajifanya ananunulia shule. Hakuomba apunguziwe hata shilingi, na hapo tu pangetosha kumtilia shaka, maana Kisenyi nani ananunua bila kupatana? Akaomba namba, akabonyezabonyeza, akasema, "Tayari mama, angalia." Kweli simu ikalia. Meseji imeigwa neno kwa neno: kiasi, jina la mtumaji, namba ya muamala, salio jipya. Pikapu ilikuwa nje, injini inanguruma. Magunia yakapakiwa, kijana akaaga kwa adabu zote. Jioni mama anakwenda kwa wakala kutoa pesa, hakuna kitu.

Tulipoikagua ile meseji, salio jipya lilikuwa shilingi 640,000 kamili, sawasawa na bei ya mzigo, kana kwamba laini ilikuwa tupu. Na mama alikuwa analipwa na wateja tangu asubuhi! Tena ilitoka kwenye namba ya kawaida ya 07, wakati meseji za pesa huja kwa jina la huduma na kujipanga pamoja na zile za zamani.

Lakini hata jina lisikutulize. Jina la mtumaji huandikwa na mfumo unaotuma, na wapo wanaojua kuandika jina wasilostahili. Simu yako ikiona jina ni lile lile, inaiweka meseji chini ya zile za kweli bila kuuliza. Kwa hiyo angalia salio lenyewe: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel, kwa mkono wako, kwenye simu yako. Usikubali kuonyeshwa simu ya mteja. Mtandao ukisumbua, mteja asubiri na gunia lisitoke. Aliyelipa kweli hataona taabu kungoja kidogo. Hiyo "nina haraka, dereva ananidai" ndiyo silaha yao kubwa.

Kuna na wale wasiotaka mali. Meseji inaingia, halafu simu inapigwa mara moja: "Ssebo (yaani bwana), nimekosea namba, hiyo pesa ni ya mgonjwa wetu, nirudishie hata nusu." Ukirudisha, umetoa yako. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, maana pesa iliyokosewa njia hushughulikiwa na kampuni. Akigusia namba yako ya siri, kata simu.

Nimewasikia wengine wakisema basi tuachane na meseji, kila kitu kiende WhatsApp. Hapo mimi sikubaliani. Picha ya skrini ni rahisi kughushi kuliko chochote. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza 1992, na mpaka leo herufi zake 160 zinaingia kwenye kitochi kisicho na bando, huko shambani ambako intaneti inakuja na kupotea. Serikali ya Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na Facebook mwaka 2018, wateja wangu wa mikoani walirudi kuagiza kwa meseji, na wengine hawajahama tena. Oda yao naisoma usiku, asubuhi mzigo unapanda basi. Matapeli wameingilia hapa kwa sababu ndipo biashara yetu ilipo.

Aliyekwisha kuibiwa asifute meseji hata kwa hasira. Laini iliyotuma imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, hata kama ni cha kuazima, kwa hiyo peleka namba hiyo polisi na kwenye ofisi ya mtandao ili ifungwe kabla haijatumika kwa mwingine.

Na dereva wa ile pikapu nyeupe iliyobeba magunia Alhamisi, huenda naye alikodiwa tu bila kujua. Anayemfahamu amlete tuzungumze, tunachotaka ni kujua alishusha wapi.