Gadolinia au chembe nano zenye kingamwili: kipi kifae kwa MRI ya uvimbe wa ubongo?

Kwa kasi, gadolinia (dawa yenye metali inayodungwa ili picha ya MRI, yaani picha ya sumaku, iwe wazi zaidi) haina mpinzani: dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kilo, na picha hupigwa dakika chache baada ya sindano. Ila haiutambui uvimbe wenyewe. Huvuja tu pale ukuta wa mishipa ya ubongo ulipoharibika, hivyo kingo za glioblastoma (saratani kali ya ubongo) zenye ukuta mzima hazionekani vizuri.

Chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa kingamwili (protini inayoshika shabaha moja maalumu) hulenga kipokezi, mfano EGFR (kipokezi cha ishara za ukuaji), juu ya seli za saratani. Wazo zuri, lakini ukuta uleule huzizuia, tena zaidi kwa kuwa chembe ni kubwa. Protini za damu huzigandia na kufunika kingamwili, kisha ini na wengu huzizoa. PEG (polima inayopakwa juu ya chembe) hupunguza tatizo, hailiondoi. Doa jeusi la chembe hizi kwenye picha hufanana na damu iliyovuja, kwa hiyo picha ya kabla ya sindano ni lazima.

Kwa mgonjwa leo, gadolinia ndiyo iliyopo. Figo zikiwa dhaifu sana, ichaguliwe ya muundo wa pete, ambamo molekuli huizunguka metali na kuishika imara. Anayetafiti kipokezi kwa panya atahitaji chembe, pamoja na kundi linganishi lenye kingamwili isiyolenga kitu.