Vigae vya bafu la kuogea: vya kununua na vya kuacha dukani

Ukijitengenezea bafu mwenyewe, pesa iweke chini. Ukutani kigae cha bei ya kawaida kinatosha, lakini sakafuni watu huteleza, na maji yakipenya hapo itabidi uvunje upya.

Dukani usianze na rangi. Geuza kigae, dondoshea maji mgongoni, usubiri dakika moja. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, hiyo ni seramiki. Yakibaki juu, ni posileni, ambayo hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kisha lowesha uso wake kwa maji ya sabuni, vua kiatu, ukanyage. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Kama boksi lina alama ya kukanyaga peku (A, B au C), chukua B au C. Alama za R ni za watu waliovaa viatu.

Sakafuni tunavipanga hivi:

1. Posileni isiyong'aa, sentimita 30 kwa 30. Haishiki madoa upesi na maungio yake si mengi. Ugumu uko kwenye kukata: tumia grinda yenye disiki ya almasi. Ili maji yaelekee tunduni, sakafu hukatwa pembetatu nne kama bahasha, kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita.

2. Mozaiki ya posileni ya 5 kwa 5 kwenye wavu. Inafuata mteremko bila kukatwa bahasha na haitelezi. Inashuka nafasi moja kwa sababu ya grauti, yaani saruji laini ya kujazia maungio: inakula karibu mara nne ya ile ya 30 kwa 30, na maungio yote hayo yatahitaji brashi. Kwa nyumba yenye maji ya kisima cha chumvi, kama nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, hiyo ni kazi ya kila wiki.

3. Seramiki ya sakafu yenye uso wa kukwaruza. Nafuu, rahisi kukata, inafaa bafu la mpangaji.

4. Mawe asilia na kokoto za mto. Yanapendeza kwenye picha. Marumaru halisi huliwa na asidi, na asidi ndiyo wengi wanayomwagia madoa ya chumvi.

Posileni ya kung'aa ya 60 kwa 60 hatukuipa namba. Iweke sebuleni.

Ukutani, seramiki ya 25 kwa 40 au 30 kwa 60 yatosha.

Tuchukue bafu la mita 1 kwa 1, kuta tatu za mita 2.1. Sakafu ni mita 1 ya mraba, kuta 6.3. Ongeza asilimia 10 ukutani na 15 sakafuni kwa ajili ya vipande. Nunua yote siku moja na hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi inafanana; boksi la kuongezea mwezi ujao huja na weupe mwingine.

Gundi: mifuko 2 ya kilo 20, iliyoandikwa C2, alama ya gundi ya saruji inayoshika zaidi. Hapa ndipo wengi hubania. Uji wa saruji ulishika vigae vya zamani kwa sababu vilirowekwa na vilikuwa vinanyonya. Posileni hainyonyi, hivyo saruji tupu huachia, na ukigonga unasikia mlio wa uwazi. Mlio huohuo utausikia ukiweka mabonge matano mgongoni badala ya kupaka gundi yote kwa mwiko wa meno: pembe zinabaki hewani, na ndoo ikianguka hapo kigae kinapasuka.

Kizuia maji cha saruji chenye kunyumbuka: kilo 22 hivi kwa kupaka mara mbili, sakafuni na ukutani, kabla ya kigae chochote. Grauti siyo kizuia maji, hata muuzaji aseme nini. Kizuia maji kikikauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 3, yaache saa 24. Yakipungua kuliko yale ya ndoo uliyoweka pembeni, tafuta ufa kwanza.

Kwenye pembe za ukuta na sakafu usitie grauti, itapasuka. Tia silikoni isiyoota kuvu. Mrija mmoja unatosha bafu hili.