Nilivyochomelesha difu ya Mustang hapa Nyakato, Mwanza

Nianze na hela, maana najua wengi mtaruka moja kwa moja huko. Kuchomelea difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu na kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, shilingi 150,000. Kufunga hendibreki ya haidroliki, 120,000, mbali na hendibreki yenyewe niliyoiagiza China. Kufumua kile kilichochomelewa na kukifanya upya, 280,000. Mmeona wenyewe tatizo lilipo.

Gari ni Ford Mustang GT ya 2006, V8 ya lita 4.6, gia tano za mkono, usukani kushoto. Tulilinunua watatu, mimi na washikaji wawili, likiwa limelala kwenye ua mmoja Pasiansi muda mrefu hadi kuku wakawa wanataga chini yake. Kila tuliyemwambia alisema tutafute Toyota Mark II Grande au Mark X kama tunataka kudrifti, yaani kuingia kona mkia ukiteleza, spea zake zimejaa kila kona. Hawakukosea. Lakini hakuna aliyewahi kusimama nyuma ya V8 ikiwashwa asubuhi halafu akaenda kununua kitu kingine.

Kwa atakayenunua kama hili: plagi. Injini hizi zenye valvu tatu kwa silinda, zile za kabla ya 2008, plagi zake zimeundwa vipande viwili, na ukizifungua kwa pupa kipande cha chini kinabaki ndani ya silinda hedi. Sisi tulifungua injini ikiwa vuguvugu, robo mzunguko, tunamwagia kilainishi, tunasubiri, robo nyingine. Saa nne kwa plagi nane. Moja ilikatika vilevile.

Sasa difu. GT hii ilitoka kiwandani na difu inayobana magurudumu yote mawili ya nyuma kwa diski ndogo za msuguano ndani yake. Diski zikiisha, na zetu zilikuwa zimekwisha kabisa, nguvu yote inakimbilia tairi lisilo na uzito. Ukiingia kona na kukanyaga mafuta, tairi la ndani linapiga kelele na moshi, la nje halina habari, na gari linaendelea mbele kama daladala. Huwezi kudrifti hivyo. Dawa ni kununua diski mpya kutoka Marekani, au kununua difu ya kisasa ya bei ya kiwanja, au kuchomelea gia ndogo za ndani ili magurudumu yazunguke pamoja siku zote. Wa mfukoni mwetu anachomelea.

Fundi tuliyeelekezwa yupo Nyakato. Ni mtu mzima, kazi yake ya kila siku ni chesi za Fuso na matela. Nilimkuta chini ya Fuso la samaki, maji ya barafu yanamdondokea begani, hana habari nayo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hilo ndilo la Wamarekani?"

Nikamweleza. Akafuta mikono, akaniangalia kwa muda.

"Yaani unataka difu isifanye kazi ya difu."

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa kona utakata vipi?"

"Kona ndiyo sitaki ikate."

Alicheka mpaka vijana wake wakaja kuuliza kuna nini.

Kwenye kuchomelea kwenyewe nampa nyota zote. Alifungua kifuniko cha nyuma cha difu, bolti kumi, akakinga oili kwenye ndoo, akaosha gia kwa petroli kisha akazipuliza kwa kompresa hadi zikakauka. Vijiti vyake vya weldi, aina ya 7018, alikuwa amevianika juu ya jiko la mkaa tangu asubuhi ili visiwe na unyevu. Waya wa adhi aliubana kwenye kasha la difu lenyewe, si kwenye chesi, umeme usije ukapita kwenye beringi na kuzila. Beringi akazifunika matambara mabichi. Halafu akapasha gia moto kwa gesi, akatema mate pembeni ya chuma kuona yanavyocheza, akasema bado, akapasha tena. Gia za difu ni chuma kigumu; ukichomelea baridi, weldi inapasuka siku ya kwanza unayoachia klachi kwa hasira. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Alipomaliza gia akageukia pini ya katikati, ile inayopita kati ya gia ndogo, akaipiga weldi nene huku na huku.

"Hii hata shetani hatoi," akasema.

Nikampa mkono. Nilifurahi, nikalipa bila kupunguziwa.

Jumapili iliyofuata tulikodi uwanja wa kinu cha pamba kilichofungwa, njia ya Kisesa, zege tupu na mlinzi mmoja aliyependa chai. (Msiniulize kuhusu barabara ya uwanja wa ndege usiku. Pale wanapita watu.) Gia ya pili, usukani kidogo, mguu chini, na mkia ukatoka kama mlango unaofunguliwa na upepo. Ukakaa pale pale. Ukishachomelea difu, gari linakujibu kitu kimoja kila mara, unajua ukiongeza mafuta litafanya nini na ukiachia litafanya nini. Kwenye kupaki ni adha, matairi yanaburuzika na kugugumia kwenye kona finyu, na mama mmoja pale Buzuruga aliniambia gari langu lina mifupa. Nilishajua itakuwa hivyo, sidai kitu.

Wiki ya tatu nikaona tairi la nyuma kulia limelowa upande wa ndani. Oili ya difu, na imeungua kwenye diski ya breki, ile harufu inayokufuata hadi kwenye ugali. Sili ya eksoli imechoka, kitu cha kawaida kwa gari la umri huu. Nikalipeleka gari kwa kijana mmoja Igoma aliyewahi kushika Ford Explorer, maana baadhi ya Explorer za zamani zilitumia difu hii hii ya inchi 8.8, ndiyo kipenyo cha krauni yake, ile gia kubwa ya ndani. Alifungua kifuniko, akamulika, akanyamaza.

"Kaka, nani amechomelea pini?"

Ndipo nikafundishwa nilichopaswa kujua kabla. Eksoli za Hilux mafundi wetu wamezizoea, zimefungwa kwa bolti kule nje kwenye gurudumu; unafungua bolti nne, unavuta. Za difu hii zinashikwa kule ndani kabisa, na vipande vidogo vya chuma vya umbo la herufi C. Ili uvitoe unachomoa pini ya katikati, unasukuma eksoli ndani kidogo, C inaanguka, eksoli inatoka. Pini isipochomoka, eksoli haitoki. Eksoli isipotoka, sili haibadiliki, beringi haibadiliki, na hata kasha la difu lenyewe huwezi kulishusha. Shetani hatoi, na mimi sitoi.

Siku mbili nimeshika tochi ya simu huku kijana anakula weldi ile kwa grenda ndogo na drili, milimita kwa milimita, asiguse gia. Weldi ilikuwa nzuri mno, hilo ndilo lililoniuma. Baada ya hapo vumbi la chuma kila mahali: sumaku, dizeli, kitambaa, dizeli tena. Pini mpya ilichongwa kwenye leithi kutoka kwenye eksoli kuukuu ya Fuso. Sili tulizipata Dar kwa vipimo, zikaja na basi hadi stendi ya Nyegezi. Akachomelea upya palipolegea, gia kwa gia tu, katikati pakabaki wazi, pini inaingia na kutoka kwa kidole na inazuiwa na bolti yake kama kiwanda kilivyotaka.

Hendibreki kwa kifupi: inafanya kazi. Mjomba aliikatiza kwenye bomba la breki za nyuma, viungio havivuji. Usukani wa kushoto umenisaidia hapa, kwani mkono wa kulia ndio unaobadilisha gia na ndio unaovuta, na mimi si wa kashoto. Kosa langu ni kutoondoa oili ya difu kwenye pedi za nyuma mapema. Wiki nzima nilikuwa navuta kwa nguvu zote na magurudumu yanasuasua, nikamlaumu Mchina bure.

Alitaka pia kufupisha kwa kukata na kuunga ile mikono ya chuma inayoshikana na tairodi, ili magurudumu ya mbele yakate zaidi. Nilikataa. Difu ikipasuka unasimama. Usukani ukiachia hujui unasimamia wapi. Tumeweka pete za chuma kati ya reki ya usukani na tairodi, kona imeongezeka kiasi, inatosha kwa uwezo wetu.

Rimu ni habari njema nusu. Mustang hii ina bolti tano kwenye duara la milimita 114.3, sawa na Mark X, kwa hiyo rimu za Mark X za inchi 18 zipo tele na tairi zake za mtumba zipo. Ila tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1 na habu ya Mustang ni 70.5. Lazima zichongwe, 20,000 kila moja kwetu, na nati za Toyota haziingii, bolti za Mustang ni za uzi wa inchi. Uzuri wa eksoli moja ngumu ya nyuma ni kwamba tairi linakaa wima muda wote, linaisha sawasawa upana mzima. Kwa mtu anayechoma mtumba, hiyo ni hela.

Kilichobaki ni joto. Hapa ziwani tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kikilegea tu imekula kwako. Mizunguko minne, kisha tunalipoza kwa kulitembeza taratibu. Feni kubwa zaidi inafuata.

Kwa hiyo gereji ya Nyakato: kuchomelea nyota tano, hendibreki nne, kuijua difu ya Ford moja. Ukienda na gari lolote ambalo si Mjapani, kabla hajawasha mashine muulize eksoli inatokaje, na msikilize anavyojibu.

Wiki iliyopita nilimpelekea mabaki ya ile pini. Akayageuzageuza mkononi.

"Kumbe inatakiwa ichomoke?"

"Inachomoka, mjomba."

Akaingia ndani, akarudi na 50,000, sikuwa nimedai. Akaniuliza bomba la moshi linaletwa lini. Nimelipeleka Jumatano.