TAHADHARI kwa wenye pikapu za otomatiki: giaboksi iliyooshwa tu inauzwa kama imefanyiwa ovahoo

Wakuu, kama una pikapu ya zamani yenye gia otomatiki na uko mbioni kutafuta giaboksi ya kubadilisha, simamisha malipo kwanza usome hapa. Wapo wauzaji wanaochomoa giaboksi kwenye gari lililokufa, wanaiosha kwa presha, wanaipiga rangi ya fedha, wanaweka oil sili mpya mbele na nyuma na gasketi mpya ya sampo (bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi), halafu wanaitangaza kuwa "imefanyiwa ovahoo, ni kama mpya". Ndani hawajagusa kitu. Unalipa bei ya ovahoo, unaondoka na mtumba ambao hakuna anayejua umetembea kiasi gani wala uliharibikaje.

Mchezo huu unafanikiwa kwa sababu giaboksi iliyochoka hujificha ikiwa baridi. Mafuta ya baridi ni mazito, hayavuji haraka kupitia sili za pistoni zilizokakamaa wala matundu ya vali yaliyolika, kwa hiyo presha inatosha kubana klachi (pleti za msuguano zilizo ndani ya giaboksi). Yakishapata moto yanakuwa mepesi, presha inashuka, klachi zinateleza, na kule kuteleza kunaongeza joto zaidi. Ndiyo maana unatumiwa video ya dakika moja: gari limewashwa sasa hivi, linasogea mbele mita chache, linasimama. Video ya namna hiyo haithibitishi lolote. Kama giaboksi bado iko kwenye gari ilikotoka, taka video moja isiyokatwa inayoanza na namba ya chesisi, gari likiwa limeshatembea nusu saa, kisha R (rivasi, gia ya kurudi nyuma), kisha gia zote moja baada ya nyingine huku mshale wa mizunguko ya injini ukionekana.

Hiyo R ina maana yake. Chukua giaboksi ya 4L60E ya General Motors, iliyoingia mwaka 1993 kurithi 700R4 ya mwaka 1982 (iliyoitwa 4L60 kuanzia 1990). Ndani yake kuna kikombe cha chuma chembamba kinachoungana na gia ya jua (gia ya katikati) ya planetari, yaani seti ya gia zinazozungukana. Kikipasuka au meno yake yakilika, unapoteza rivasi, gia ya pili na ya nne, lakini ya kwanza na ya tatu zinabaki. Gari linaondoka vizuri kabisa mbele. Asiyejua anaona gari linatembea anatoa pesa. Ovahoo ya kweli ya giaboksi hii huweka kikombe kipya kilichoimarishwa, pamoja na klachi mpya za gia ya 3 na ya 4, kwa sababu hizo ndizo huungua kwanza. Dalili yake ni injini kupanda mizunguko ghafla pale inapotoka ya pili kwenda ya tatu, kama umekanyaga klachi.

Sasa tuelewane ovahoo ni nini. Giaboksi inafunguliwa yote: pampu, dramu, planetari, vali bodi (sehemu inayogawa mafuta yenye presha), kila kitu mezani. Pleti zote za msuguano zinabadilishwa. Pleti za chuma zenye alama za bluu au nyeusi za kuungua zinabadilishwa, hazipigwi msasa na kurudishwa. Sili za mpira za pistoni, ringi za shafti, bushi, filta, na bendi kwa zile zenye bendi, vyote vipya. Muuzaji akikuambia ametumia "kiti kamili", yaani seti ya vipuri vya ovahoo, muulize kiti kina nini. Kuna kiti cha gasketi na sili peke yake, na kuna kiti chenye klachi ndani, na bei zake ni mbali kabisa. Mwombe risiti ya kiti na picha za sehemu kuukuu zikiwa pembeni ya boma (gamba la nje la giaboksi) lenye namba iliyogongwa juu yake. Fundi aliyefanya kazi kweli hana shida na ombi hilo, wengi wao hupiga picha hizo bila kuombwa.

Toki konveta ndiyo sehemu wanayoidanganyia zaidi. Ni chungu kilichochomelewa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, mara nyingi hakina tundu la kusafishia, na uchafu wote wa klachi zilizoungua huingia humo. Huwezi kuusuuza ukaisha. Konveta iliyofanyiwa kazi imekatwa kwenye mshono, ikasafishwa, ikawekwa klachi mpya ya ndani kwa zile zenye loku (klachi inayoifunga konveta izunguke pamoja na injini), ikachomelewa upya. Utauona mshono mpya ulionyooka kuzunguka duara lote. Ukikuta rangi mpya juu ya mshono wa kiwandani wenye kutu, hiyo imepakwa tu. Ikifungwa, uchafu wake unatoka taratibu na kwenda kuziba vali za giaboksi.

Kabla ya kulipa, fungua sampo. Muuzaji akikataa, ondoka. Gasketi ni kitu kidogo, jitolee kuinunua mwenyewe. Ukifungua, tazama sumaku iliyo chini. Utando mwembamba wa kijivu, laini kama masizi, ni wa kawaida. Chembe nyeusi nyingi ni klachi zilizoungua, na utazithibitisha kwa harufu. Vumbi la rangi ya shaba ni bushi zinazokwisha. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni planetari au kile kikombe, na hapo hakuna mazungumzo tena. Lakini wenzetu hawa nao wanajua haya, kwa hiyo sampo huwa imeshasafishwa. Sampo inayong'aa kwenye giaboksi inayodaiwa kuwa "ya mtumba, haijaguswa" ni ushahidi tosha kwamba imeguswa. Ingiza kidole chenye kitambaa cheupe juu ya filta na pembezoni mwa vali bodi, presha ya maji haifiki huko. Kitambaa kikitoka na masizi meusi yanayonuka kuungua, umepata jibu lako.

Kuhusu Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010, kuwa makini mara mbili. Rejeta za magari hayo zina kipoza mafuta ya giaboksi kwa ndani, na tatizo linalojulikana ni kipoza hicho kupasuka, maji ya rejeta yakachanganyika na mafuta ya gia mpaka yakawa uji wa rangi ya pinki. Dawa ya kupozea (kulanti) iliyomo kwenye maji hayo hulainisha gundi inayoshika msuguano kwenye pleti za klachi, na maji yenyewe yanaleta kutu kwenye chuma. Giaboksi ya namna hii ikimwagwa na kujazwa mafuta mapya inaweza kutembea kwa muda, kisha msuguano unaanza kubanduka. Tafuta mabaki ya pinki kwenye bomba la kijiti cha kupimia mafuta, kwenye tundu la kupumulia juu ya boma, na ndani ya shingo ya konveta. Kama unanunua kwa ajili ya gari la aina hiyo, rejeta ibadilishwe kwanza, la sivyo hata giaboksi nzuri utaiua.

Upande wa Toyota, giaboksi ya A340 imejijengea heshima ya kudumu, na wauzaji wanaitumia heshima hiyo kama dhamana. "A340 haifi" si hoja. Iliyopikwa kwa mafuta machache au kipoza kilichoziba imekufa kama nyingine yoyote. Angalia pia kwamba A340E ni ya magurudumu mawili na A340F ni ya manne, sehemu ya nyuma ni tofauti, na anayekwambia "tutaibadilisha mkia tu" hakuambii kwamba shafti ya kutokea nayo ni tofauti. Kwa General Motors, hesabu bolti za sampo: 4L60E ina 16, 4L80E ina 17 na sampo yake ni ndefu zaidi. 4L80E ni ya kazi nzito na ina bei kubwa, kwa hiyo jina lake hubandikwa kwenye kisichokuwa chenyewe.

Kuna utapeli mwingine ulio karibu na huu: gereji inayokuambia giaboksi yako imekufa wakati haijafa, ili ikuuzie nyingine na kubaki na yako nzuri. Usikubali hukumu hiyo kabla ya vipimo vya msingi. Kwenye 4L60E, kodi ya hitilafu P1870 (inayosomwa kwa mashine ya kupimia) mara nyingi hutokana na tundu la vali ya loku ya konveta kulika kwenye vali bodi, kazi inayofanyika kwa kushusha sampo bila kutoa giaboksi. Kwenye A340E, taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima kwa mfululizo, kompyuta inalalamikia hitilafu ya umeme. Pima solenoidi za gia (vali ndogo za umeme), ukinzani wake ni ohm 11 hadi 15. Kisha chomoa soketi ya solenoidi na uendeshe: lever ikiwa L unapata gia ya kwanza, ikiwa 2 unapata ya tatu, ikiwa D unapata ya nne. Kama zote zinabana bila kuteleza gari likiwa la moto, klachi zako ni nzima, tatizo liko kwenye umeme. Na kwa zile zenye kebo ya kuvutwa na akselereta, angalia kebo kabla ya kitu kingine. Kwenye Toyota, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, nafasi kati ya mdomo wa kebo na kizuizi chake iwe milimita 0 hadi 1. Kwenye 700R4 kebo iliyolegea au isiyofungwa inashusha presha, na klachi za 3 na 4 huungua ndani ya safari chache.

Hilo la kebo linatuleta kwenye dhamana. Dhamana za wauzaji hawa zimeandikwa ili lawama ikurudie wewe: "fundi wako alifunga vibaya". Bahati mbaya, wakati mwingine ni kweli, kwa hiyo funga kwa ushahidi. Konveta iingizwe mpaka ikae kwenye meno ya pampu. Giaboksi lazima ikutane na injini kwa kusukumwa kwa mkono, bila kuvutwa na bolti. Ikishagusana, konveta izunguke huru na ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na flaiwili (sahani ya nyuma ya injini inayofungwa konveta). Isipobaki, konveta haijakaa, na ukikaza utavunja pampu kabla gari halijawashwa. Piga picha nafasi hiyo ikiwa na kipimo ndani yake. Suuza mabomba na kipoza, kisha injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) mafuta ya giaboksi yanayorudi yajaze lita moja ndani ya sekunde 20 hadi 30. Yakichelewa zaidi, badilisha kipoza. Tunza risiti ya mafuta inayoonyesha aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari kwa mwaka wake.

Giaboksi yako kuukuu nayo wanaitaka mapema, pamoja na amana (pesa unayoweka na kurudishiwa yako ikipokelewa nzima). Baadaye unaambiwa boma lina ufa, amana imeliwa. Ipige picha pande zote na namba yake, na upate sahihi ya mpokeaji kuwa ameikuta nzima. Bora zaidi, usiiachie kabisa mpaka ile uliyonunua iwe imetembea ikiwa ya moto, imepanda mlima, na imeingia rivasi mara kadhaa bila kuchelewa. Mara nyingi hiyo ya kwako ndiyo yenye thamani kuliko waliyokupa.

Kama umeshanunua na imeanza kuteleza, acha kuendesha siku hiyo hiyo, kila kilomita inaharibu ushahidi na pleti. Usikubali ushauri wa "ongeza kopo la dawa", dawa hizo zinavimbisha sili kwa muda, zinakufikisha nje ya dhamana. Usiifungue kabla ya kumwandikia muuzaji na kupata jibu lake kwa maandishi, maana boma lililofunguliwa na wewe ndilo kisingizio anachokisubiri. Chota mafuta kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, andika tarehe na kilomita kwenye lebo. Siku ya kufungua awepo yeye au mwakilishi wake, irekodiwe video kuanzia bolti ya kwanza ya sampo, na filta ikatwe mbele ya wote wawili.