Maandalizi ya Mitihani ya Bayolojia na Bayokemia ya Kuingia Uzamili: Nyenzo Zipi Zinunuliwe Kwanza

Kabla ya kutoa fedha kwa kitabu chochote, mwombaji ahakikishe kwamba mtihani anaojiandalia bado upo. Shirika la ETS la Marekani, linalosimamia GRE, yaani mitihani ya kuwapima waombaji wa masomo ya uzamili, lilisitisha mtihani wake wa bayokemia pamoja na bayolojia ya seli na molekuli mwaka 2016, na ule wa bayolojia ukafuata mwaka 2021. Hata hivyo, vitabu vya mazoezi vilivyotungwa kwa ajili ya mitihani hiyo miwili bado vinapatikana sokoni, na mnunuzi asiyejua habari hizi anaweza kulipia maandalizi ya mtihani ambao hataufanya kamwe. Mitihani ya namna hii imebaki kwingineko. India, kwa mfano, ina mitihani miwili ya kitaifa ya kuingia uzamili, GATE na JAM: ya kwanza ina karatasi ya Sayansi za Uhai na ya pili ina karatasi ya Bayoteknolojia, na zipo idara za vyuo vikuu zinazotunga mitihani yao zenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa nyenzo ambayo mara nyingi haiuzwi: muhtasari rasmi wa mada pamoja na karatasi za mitihani iliyopita, ambazo waandaaji wa GATE na JAM huziweka kwenye tovuti zao bila malipo. Nyenzo hii ndiyo inayoamua ununuzi mwingine wote. Karatasi ya Sayansi za Uhai ya GATE ina maswali 65 yenye jumla ya alama 100 kwa muda wa saa 3, na kati ya alama hizo 15 ni za maarifa ya jumla, 25 ni za kemia ambayo ni ya lazima, na 60 zilizobaki hugawanywa sawa kwa sehemu mbili anazochagua mtahiniwa mwenyewe. Mtu aliyenunua vitabu vya bayolojia peke yake, hata viwe bora kiasi gani, ameiacha robo nzima ya mtihani bila kitabu. Zaidi ya hayo, baadhi ya maswali humtaka mtahiniwa akokotoe na kuandika namba badala ya kuchagua jibu, na jibu lisilo sahihi katika maswali ya kuchagua jibu moja hupunguza alama. Kwa hiyo kitabu cha mazoezi chenye maswali ya kuchagua tu hakimwandai ipasavyo.

Nafasi ya pili ni kitabu kimoja kikuu cha kiada kwa kila somo. Nasisitiza kimoja, kwa sababu vitabu viwili vya bayokemia vyenye kurasa zaidi ya elfu moja kila kimoja hurudia mambo yaleyale, na muda wa kuvisoma vyote haupo. Si lazima kiwe kipya. Toleo lililotangulia la sasa, likinunuliwa likiwa limetumika, kwa kawaida hugharimu sehemu ndogo ya bei ya jipya, ilhali glikolisisi, mzunguko wa Krebs na muundo wa asidi amino havijabadilika. Tatizo huja pale toleo linapokuwa la zamani mno, na hilo mnunuzi anaweza kulipima kwa dakika chache. Afungue ukurasa unaohesabu ATP, yaani molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli, zinazotokana na molekuli moja ya glukosi: vitabu vya zamani huandika 36 au 38, na vya sasa huandika takribani 30 au 32. Kisha atazame uainishaji wa viumbe: kitabu kinachowaweka bakteria wote katika himaya ya Monera, bila kuitaja arkea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo) kama kundi kuu la pekee, kimepitwa na wakati. Mwisho atafute CRISPR katika faharasa. Uhariri wa jeni kwa njia hiyo ulianza kujulikana mwaka 2012, na kitabu kisichoutaja kitahitaji kuongezewa usomaji mwingine katika jenetiki.

Asiye na fedha hata za kitabu kilichotumika hajakwama. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, hutoa kitabu kizima cha bayolojia ya mwaka wa kwanza bila malipo, na hicho kinatosha kwa ikolojia, mageuko na fiziolojia, ingawa kwa bayokemia ni chepesi mno.

Nafasi ya tatu ni benki ya maswali, na hapa ubora hutofautiana sana. Kigezo changu ni maelezo ya majibu wala si wingi wa maswali. Mnunuzi aombe sampuli, atafute swali kuhusu vizuizi vya vimeng'enya, kisha asome maelezo yake. Maelezo mazuri yataonyesha kwa nini kizuizi shindani huongeza Km inayoonekana (kiasi cha kimeng'enywa kinachohitajika ili kimeng'enya kifikie nusu ya kasi yake ya juu) huku Vmax, yaani kasi hiyo ya juu, ikibaki ilivyo, na pia yataeleza kosa la fikra lililomo katika kila jibu lisilo sahihi. Benki inayoishia kuandika «jibu ni C» haistahili kulipiwa. Vitabu vya zamani vya GRE navyo naviweka hapa: kwa bei ndogo vinafaa kwa mazoezi ya jumla, kwa kuwa mtihani ule wa bayolojia uligawanywa karibu sawa kati ya seli na molekuli, viumbe, na ikolojia pamoja na mageuko.

Kadi za marudio nazipa nafasi ya nne, ila zisinunuliwe zikiwa tayari. Programu ya Anki haina malipo kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, na kazi ya kuzitengeneza mwenyewe ndiyo inayokaza kumbukumbu. Vijitabu vya muhtasari viko chini ya hapo. Vinamfaa tu aliyekwisha kuielewa mada.

Kozi za maandalizi zenye mwalimu nazipa nafasi ya mwisho kwa sababu ya bei yake, ingawa kwa aliyekaa nje ya masomo miaka mingi zinaweza kupanda hadi ya tatu. Anayetaka kulipia kozi aombe kwanza somo moja la majaribio, aulize kama mwalimu amewahi kufundisha karatasi hiyohiyo anayoiendea, na apate kwa maandishi masharti ya kurudishiwa fedha endapo tarehe au muundo wa mtihani utabadilika.