Nililipa elfu 25 pikipiki ibanwe, nikabanwa mimi

"Mzee, wenzako wanakuja hapa kufungua, wewe unakuja kubana? Unaumwa?"

Ndivyo nilivyopokelewa gereji nilipopeleka pikipiki ibanwe, yaani ipunguzwe nguvu isikimbie sana. Sikupewa karibu wala kiti. Vijana watano sita walikuwa wamekaa juu ya matairi wanatafuna miwa, wakaangua kicheko. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, badala ya kugeuza pikipiki nikaondoka, nikacheka nao kinafiki, kisha nikalipa. Hela imeniuma, lakini hicho kicheko changu kimeniuma zaidi.

Gereji yenyewe siitaji. Wa Dodoma mnaopeleka pikipiki kule upande wa sokoni mtaijua tu, ni ile yenye spika kubwa kuliko kompresa.

Pikipiki ni ya kabureta, cc 150, anayeiendesha ni mpwa wangu. Kijana hana tatizo na hesabu, kila jioni analeta, na hanijibu vibaya hata siku moja. Tatizo ni mkono wake wa kulia. Kuna siku kule Nkuhungu alikutana na mchanga akiwa kwenye mwendo wake ule, akaenda chini, goti likachunika. Dada akapiga simu kutoka Mpwapwa saa nne usiku: "Mtoto nilikukabidhi wewe, sikuikabidhi pikipiki." Ukiambiwa hivyo na dada yako mkubwa hulali. Nimeongea na kijana mpaka nimechoka. "Mjomba, kibao kinasema 50." "Sawa, mjomba." Baada ya dakika mbili unamsikia yuko Area C, na wewe uko Area D.

Ndipo nikasema kama maneno hayaingii kwenye sikio, basi yaingie kwenye kabureta. Wala sikutunga. Ulaya mtu mwenye leseni ya A2 anaruhusiwa pikipiki isiyozidi kilowati 35, na pikipiki kubwa hubanwa kihalali ifike hapo, akikomaa ndiyo inafunguliwa. Nguvu ya injini ni hewa na mafuta. Ukipunguza hewa inayoingia, umepunguza nguvu. Hakuna uchawi.

Nilimweleza fundi hivyo hivyo. Nikamwambia nataka ile slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta na kufungulia hewa, isipande hadi juu, iishie kati. Akaniangalia kama mwanafunzi anayemfundisha mwalimu. "Mzee, niachie. Rudi saa kumi."

Nikarudi saa kumi. Hakunionyesha alichofanya, na alipoona naiinamia akaniuliza, "Wewe ndiyo utaiendesha?" Halafu akaongeza sauti ya spika. Naapa, aliiongeza.

Nitasema kweli, siku tatu za kwanza nilimsamehe. Pikipiki inaondoka vizuri, mjini inatembea, ikifika kwenye hamsini na kitu inagoma kama punda. Kijana amenuna, dada amefurahi, mimi najiona bingwa. Ningeandika siku ile ningempa fundi sifa zote, hata yale ya sokoni ningeyaita utani.

Baadaye kidogo ikaanza tabia. Asubuhi kuwaka mpaka upige kiki ujute. Ukiachia mafuta, mlio haushuki, inabaki inalia juu kama imesahauliwa. Kwenye ekzosi pa! pa! mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, inachemka hii." Nikadhani ni ujanja wa kutaka ifunguliwe. Hapo nilimkosea.

Nilikuja kujua mwenyewe, siku niliyoichukua kwenda Kibaigwa kuulizia bei ya mahindi. Kupita Ihumwa hakukuwa na shida. Mbele kidogo nikamkuta semi, limejaza, linajivuta polepole, moshi wote usoni kwangu. Nikaangalia mbele, barabara nyeupe, nikatoka kulipita. Nimefika katikati ya tela ndiyo naliona basi linakuja. Navuta mafuta, hakuna kitu. Navuta mpaka waya wa aksileta unakaribia kukatika, pikipiki iko pale pale, sambamba na tairi za semi, nazihesabu. Breki, nikarudi nyuma ya tela, nikashukia kwenye changarawe. Basi likapita na honi ndefu. Nilikaa pale nikitetemeka, nikisema maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Hapa naomba niseme jambo ambalo sikuliwaza nilipokuwa najifanya mtaalamu. Pikipiki niliinunua Dar. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na injini kama hii hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo Mungu alishaibana kabla yangu. Mimi nikaongeza.

Haya. Nikajikongoja mpaka Buigiri, ikazima. Harufu ya kuungua, injini huwezi kuweka mkono. Chini ya mti kulikuwa na mzee mmoja na boksi lake la spana, hana bango wala spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na safari. Kaa kwanza, tuiache ipoe."

Nilipewa kigoda na maji ya kunywa. Nyinyi wa mjini, mnasikia? Kigoda.

Ilipopoa akafungua plagi, akanionyesha, nyeupe kama chokaa. Akaniambia plagi nyeupe hivi, injini inakula hewa nyingi kuliko mafuta, ndiyo maana inaungua. Akaiwasha, akachukua maji kwenye kizibo, akamwagia kidogo pale shingoni kabureta inapoungana na injini. Mlio ukabadilika papo hapo. "Inavuta hewa pembeni," akasema, akachukua spana.

Alichokitoa nimekihifadhi. Ni bati la kopo la rangi, rangi bado ipo upande mmoja, limekatwa kwa mkasi na kutobolewa tundu la msumari lililopanuliwa, hata katikati halipo. Hakuna gasketi. Ile ringi ya mpira ya shingoni ilitupwa kwa sababu bati halikukaa nayo. Yaani mlango wa mbele ameubana, halafu akatoboa ukuta. Hewa inayopita kwenye kabureta inachukua mafuta, ile ya pembeni inaingia mikono mitupu. Elfu 25!

Mzee alicheka, lakini hakunicheka mimi. Akauliza nilitaka nini hasa, nikamweleza habari ya kijana na ya dada. Akatikisa kichwa, akafungua mfuniko wa kabureta, akakata bomba la peni, kipande cha urefu wa pingili ya kidole, akakipasua ubavu kipite kwenye waya, akakiweka ndani ya springi. Basi. Slaidi ikipanda inagonga peni, inaishia hapo. Na kwa kuwa sindano ya mafuta imeshikwa na slaidi hiyo hiyo, hewa na mafuta vinapungua pamoja, injini haiungui. Yaani kile kile nilichomwambia yule wa mjini akanitazama kama chizi! Akafunga ringi mpya, akanidai elfu nane kwa vyote.

Kabla sijaondoka akasema, "Lakini kama shida ni mwendo tu, ungepunguza meno ya sproketi ya mbele, ile gia ndogo inayovuta mnyororo. Mwendo wake wa mwisho ungeshuka, kilima ingepanda." Nikabaki mdomo wazi. Sikulijua hilo, na sikuuliza, kwa sababu nilishajiona najua.

Kibaigwa sikufika. Nikageuza moja kwa moja mpaka sokoni nikiwa na bati mkononi. Nikamwekea fundi mezani. Unajua alisema nini? "Si ulitaka ibanwe? Ilibanwa." Vijana wakacheka tena. Nikadai hela yangu, akasema kazi ilifanyika. Nikamwambia nusura nife barabarani. Akasema, sasa sikilizeni, "Ungekuwa hujaibana ungelipita semi, mzee."

Naandika hii nikiwa na hasira, lakini nitaandika na hili. Alisema kweli. Ni fundi mbovu, mdomo mchafu, na hela yangu nairudia kuidai hata kama ni buku buku. Msimpelekee hata baiskeli. Lakini katika maneno yote niliyosikia tangu dada apige simu, lile ndilo linalonirudia usiku. Kijana wangu huwa anakwenda Mtumba, huwa anakwenda Chamwino, barabara hiyo hiyo, semi hizo hizo. Nilimwondolea mwendo wa kuangukia mchangani, nikamwondolea na mwendo wa kukwepea.

Au hapana. Fundi hakusema vile kwa hekima, alisema ili wale watafuna miwa wacheke. Simpi hata hiyo. Sasa kijiweni kwa mpwa wangu naitwa Mzee Mbano, na jina limetoka gereji, hakuna kwingine.

Kipande cha peni kilikaa kama wiki tatu. Abiria walikuwa wanalalamika, kijana akinieleza kwa adabu, mimi nikijifanya sisikii. Juzi nafagia dirishani karibu na chumba chake nikakikuta, kimepasuliwa ubavu, kimefutwa mafuta vizuri, kimewekwa juu ya kopo la mswaki. Wala hakukificha. Jioni akaja, akanipa hesabu, akakaa kula. Nikamuuliza, "Leo ulifika wapi?" Akasema, "Mtumba mara mbili, mjomba." "Ulienda taratibu?" "Taratibu, mjomba."

Dada bado sijamwambia. Sproketi nimeulizia bei, ila kuifunga nitairudisha Buigiri.