Nusu kaputi au ganzi ya mgongo kwa mama mwenye miasthenia?

Katika miasthenia gravisi, kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli. Kope hulegea, kumeza huwa kazi, na jioni huwa mbaya kuliko asubuhi. Sasa mama huyo anatakiwa kujifungua kwa upasuaji: alazwe usingizi kabisa, au afe ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini?

Kwa wengi ningechagua ganzi ya mgongo. Anabaki macho, anapumua mwenyewe, wala hahitaji dawa ya kulegeza misuli ambayo tayari imelegea. Ila ganzi ikipanda hadi kifuani, misuli ya mbavu hudhoofika. Kwa anayehema kwa shida tangu mwanzo, faida hiyo huyeyuka.

Utata wa nusu kaputi uko hasa kwenye hizo dawa za kulegeza. Rokuroniamu kidogo tu humlegeza kupita kiasi, ilhali suksamethoniamu mara nyingi hutaka dozi kubwa zaidi. (Hesabu hiyo usiihamishie kwa mtoto mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli: kwake suksamethoniamu inaweza kumwaga potasiamu kwenye damu na kuusimamisha moyo.) Sugamadeksi imepunguza hofu, maana huinasa rokuroniamu na kuiondolea nguvu, lakini si kila chumba cha upasuaji kinayo. Isipokuwepo, mashine ya kupumulia isiondolewe haraka baada ya kushona.

Kwa njia yoyote, piridostigmini yake, dawa anayotumia kuipa misuli nguvu, isisahaulike, na magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba ikwepwe, kwani huzidisha ulegevu.